Yule mjuaji na sumaku yake: leo kanifukuzia mnunuzi wa pikapu mbele ya baraza zima

Msafiri wa Khoudh (mleta uzi)

Jamani, nnaandika huku mikono inatetemeka. Jina lake sitalitaja, mnamjua. Yeyote aliyewahi kuuza gari hapa Omani, baina ya Seeb na Barka, anamjua. Yule wa Land Cruiser nyeupe, tasbihi mkononi, hajaulizwa keshajibu. Kila baraza lina kiti chake, na kila gari inayotiwa kibandiko cha kuuzwa lazima aizunguke, ainame, agonge gonge, kisha agune.

Leo baada ya alasiri kaniulia biashara. Na kaiua kwa sumaku. Sumaku, waungwana! Kidude ukubwa wa kishikizo cha koti, kakitoa mfukoni mwa kanzu.

Nikuelezeni gari kwanza muone dhulma ilivyo. Pikapu ya Ford F-150 ya 2016, V8 ya lita 5, imeingia Omani kwa wakala, speki za Ghuba, dashibodi inasoma kilomita. Si zile zinazonunuliwa mnadani Marekani zimevunjika mbavu, zikapitia Sharjah kupakwa rangi, ndio zikaja kwetu na maili zao. Kitabu cha sevisi kina mihuri tangu siku ya kwanza. Rejeta haijaguswa. Mwezi wa sita, jua la kupasua mawe, nnakwenda nayo Haima, jangwani huko, na AC inatia baridi mpaka watoto wanaomba shuka. Jangwa la Wahiba nikifika nnashusha upepo wa tairi hadi psi 15, basi, inapanda tuta la mchanga bila ya kunung'unika. Gari hii nnaipenda. Nnaiuza kwa sababu nnataka kupanda Raptor, ile F-150 ya mbio za jangwani, si kwa sababu ina ugonjwa.

Mnunuzi katoka mji wa Adam. Mzee wa Kibedui, mtu wa ngamia wa mbio, anataka gari ya kukokotea trela. Kaiendesha, karudi anatabasamu. Kaangalia chini ya chesisi mwenyewe, kalala chini na kanzu yake nyeupe. Bei tumekubaliana. Bahasha iko mkononi mwake, kaifungua, anataka kuhesabu.

Ndipo akainuka yule bwana.

Kaja taratibu, kaweka sumaku kwenye mlango wa dereva. Ikaanguka. Kaiokota, kaiweka kwenye boneti. Ikaanguka. Kaiweka kwenye madigadi, kaishikilia na kidole, kawatazama watu wote wa baraza mmoja mmoja, kaondoa kidole. Ikaanguka. Kisha kamgeukia mzee wa watu: "Ami, hii yote pati tupu. Hii imepinduka hii, imejazwa pati kichwa mpaka mkia."

Pati, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi, ambao sumaku haiushiki! Gari nzima! Nani aliyewahi kuona gari ya pati nzima? Ingekuwa ya pati si ingeyeyuka Haima!

Mmewahi kusikia habari ya aluminiamu nyinyi? F-150 tangu modeli ya 2015 bodi yake ni aluminiamu. Ndiyo maana ilipunguzwa uzito kwa hadi kilo 317 na ushei. Chuma kimebaki kwenye chesisi. Sumaku haishiki aluminiamu, mtoto wa skuli anajua, nenda jikoni kaiweke kwenye sufuria uone. Nikamwambia hayo yote, kwa sauti. Mnajua alinijibu nini? "Basi umeuziwa sufuria." Baraza zima likaangua kicheko, mwenye kahawa kahawa ikampalia.

Lakini hayo yote ningeyasamehe. La kuniua ni hili: yule mzee, kwa adabu zake, kainama mwenyewe kaiokota ile sumaku pale chini, kaipangusa vumbi, kaijaribu kwenye mlango wa nyuma. Ikamwangukia kiganjani. Akanitazama kwa huruma. Huruma! Akamrudishia mwenyewe sumaku yake, akafunga bahasha, akaniambia "Mungu akufungulie." Akaenda zake.

Mtu wa namna hii afanywe nini? Mie nasema atiwe kwenye chombo apelekwe kisiwa cha Masirah akawapime kasa kwa sumaku yake. Na baraza litakalompokea tena lisihesabiwe baraza.

Tairi la Akiba

Pole sana ndugu yangu, ila nimecheka mpaka mke wangu katoka jikoni kuuliza kulikoni. Kaja na sufuria mkononi, wallahi. Sasa sijui nimwambie anapikia F-150.

Bi Mkubwa wa Mabela

Huyo huyo! Kwangu alikuja nnauza Patrol ya marehemu mume wangu. Kachomoa kijiti cha mafuta ya injini, kakilamba. Nasema kakilamba kwa ulimi, mbele yangu na mbele ya mnunuzi. Kakunja uso kasema "yameingia maji." Patrol ile mpaka leo inapanda Jebel Akhdar. Nimeiona juzi juzi, imebeba masanduku ya makomamanga.

Chuma ni Chuma

Mleta uzi, hasira zako na mjuaji, haya. Lakini sufuria ni sufuria. 2016 Chevrolet walifanya tangazo huko huko Marekani, wakamwaga matofali ya zege kwenye sehemu ya mzigo ya Silverado, pikapu yao, na ya F-150. Silverado ilibonyea. F-150 ikatoboka. Wamarekani wenyewe wamecheka, sembuse baraza la Khoudh.

Msafiri wa Khoudh (mleta uzi)

@Chuma ni Chuma matofali yametoka wapi hapa? Nani anauza matofali? Mie nnazungumzia mtu kuweka sumaku kwenye gari ya watu bila ruhusa! Na pwani yetu hii na chumvi yake, Silverado yako subiri tu, kutu itakuja kukusalimia chini ya mlango. Yangu hata doa. Ningekuonyesha picha za sumaku pale chini kwenye vumbi, ilivyolala, na watu wamekaa wanaitazama kama wanatazama mwezi wa Ramadhani. Mzee mwenyewe kaiokota! Mkono wake!

Mkonga Dodoma

Mkuu, huku Tanzania tunakushangaa. Gari ya Kimarekani usukani uko kushoto, ukitaka kulipita lori unamuuliza abiria kama kuna gari mbele. Ikivunjika taa unasubiri meli. Nunua mkonga, Land Cruiser ya kazi, hata fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. Huyo mzee wa sumaku amekuokoa.

Msafiri wa Khoudh (mleta uzi)

Ameniokoa na nini, gari si nnaiuza mie?? Soma uzi kwanza ndugu yangu.

Dereva Doha

Wasee, mimi shida yangu si sumaku. Ni nyinyi wenye hizo pikapu. Niko Qatar, naendesha basi la wafanyakazi. Kila Ijumaa jioni nikitoka ufukwe wa Sealine, nyuma yangu kuna pikapu ya Ram TRX inaniwashia taa kutoka mwezini. Nguvu farasi 702 za nini na mbele kuna taa nyekundu? Halafu ikifika kwa maegesho inakaa nafasi mbili, mkia uko barabarani. Hilo gari lina karibu mita 6! Siku moja mwenyewe aliniambia nisogeze basi kwa sababu hawezi kufungua mlango. Basi! Nisogeze basi!

Tairi la Akiba

@Dereva Doha anzisha uzi wako, hii ni hadithi nzito kuliko ya sumaku.

Mpemba wa Ruwi

Na mafuta je? F-150 yenye tangi la lita 136, hata kwa hii petroli ya 95 iliyofungiwa bei isizidi baisa 239, kulijaza ni riali 32 na nusu. Mie Yaris yangu nnajaza, nnanunua samaki, nnampa mtoto pesa ya skuli, na chenji inabaki. Mtu anajaza riali 32 kwenda kunywa chai Seeb.

Chuma ni Chuma

@Mpemba wa Ruwi kila mtu ana furaha yake. Wewe furaha yako samaki.

Mpemba wa Ruwi

Samaki hatoboki kwa matofali.

Binti Suwaiq

Bora nyinyi mnalia na sumaku. Kaka yangu kanunua pikapu ya GMC Sierra inayong'aa, speki za Marekani, bei ya kutupwa, muuzaji kaapa kwa viapo vyote kwamba ilikuwa ya daktari mstaafu. Tumekaa nayo mpaka joto lilipoanza, ndio harufu ikatoka. Kunyanyua zulia chini ya kiti, tope kavu, na jani la mti usiota Omani. Kutafuta ile namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 mtandaoni: gari ilizama Houston kwenye kimbunga Harvey, 2017. Sasa vioo vinajishusha vyenyewe usiku, na honi inalia wakati wa alfajiri. Muuzaji simu hapokei, na nnamuona kila wiki anauza nyengine.

Bi Mkubwa wa Mabela

Mwanangu usiende mbali Houston. Kwani kimbunga Shaheen 2021 hakikupita kwenu huko? Magari yaliyolowa Suwaiq na Khaburah yako wapi leo? Yameuzwa kwetu, yamepuliziwa manukato ya karafuu. Nikinunua gari, nnanusa kwanza. Hiyo ndiyo sumaku yangu mie.

Binti Suwaiq

Shangazi umesema kweli. Ya jirani yetu ilikaa na maji mpaka kwenye usukani, ikatoweka, kisha tukaiona Nizwa ina riboni.

Msafiri wa Khoudh (mleta uzi)

Jamani, turudi kwenye mada. Mie nnauliza, mtu akikuharibia biashara kwa uwongo mbele ya mashahidi, inafaa kushtakiwa? Kwa sababu mashahidi nnao, wote waliocheka ni mashahidi. Sumaku ilianguka, sawa, sikatai kwamba ilianguka, lakini ilianguka kwa sababu ya aluminiamu! Yule mzee wa Adam saa hizi yuko njiani anaamini mie ni tapeli. Anawasimulia watu wa kwao. Jina langu linafika Adam kabla ya mimi.

Tairi la Akiba

Mahakamani utaingia na mlango wa gari? Hakimu naye atataka kujaribu sumaku.

Dereva Doha

😂😂 Objection, sufuria.

Chuma ni Chuma

Nyinyi mnaocheka, hamjaniuliza yangu. Silverado yangu inatoa hewa ya moto tangu Jumatatu. Si ya vuguvugu, ya moto, ya kukaushia nguo. Nani anajua fundi wa AC Mabela asiyekuwa mwizi?

Mpemba wa Ruwi

Asiyekuwa mwizi? Punguza masharti, andika "nani anajua fundi."

Bi Mkubwa wa Mabela

Kila nikipeleka wananitia gesi, nnalipa, mwezi haujesha joto limerudi. Nikirudi ananiambia "gesi imeisha mama." Imeisha imekwenda wapi? Nimeinywa mie?

Mkonga Dodoma

Mama, gesi ya AC haiishi yenyewe. Ule ni mzunguko uliofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, kwenye bomba, kwenye oringi au kwenye kondensa. Mwambie atie rangi ile ya kuonea uvujaji, amulike na taa yake, mahali penye kijani ndipo penye ugonjwa. Akikataa ondoka na gari yako.

Bi Mkubwa wa Mabela

Allah akulipe kheri mwanangu wa Dodoma. Huyo wangu hata taa hana. Ana sikio. Anatega sikio kwenye kompresa anasema "nnasikia gesi."

Chuma ni Chuma

Ngoja, ni yule wa mtaa wa nyuma ya pampu? Mwenye kiti cha basi nje ya gereji?

Bi Mkubwa wa Mabela

Huyo huyo.

Binti Suwaiq

Na sisi huyo huyo!! Kaka kamwachia Sierra asubuhi, jioni tumekuta imefungwa kompresa ya zamani, imekwaruzwa namba kwa bisibisi. Yetu iliyotoka hatukuiona tena.

Chuma ni Chuma

Basi sasa nnajua ya kwenu iko wapi. Leo asubuhi kaniambia ana kompresa nzuri sana ya GM, waundaji wa Silverado na Sierra, imetoka kwenye Sierra "ya daktari." Anataka riali 60. Kesho nikifika mapema nimwambie nini, Binti Suwaiq? Mnataka niinunue au nije na kaka yako?