Mwanangu anataka kuhama Coastal baada ya kipigo cha Jumapili. Nimnunulie jezi ya Yanga?

Mgosi wa Makorora:
Wakuu, naombeni ushauri. Wa kunicheka anicheke, ila taratibu, bado nina kidonda.

Jumapili nilimchukua mwanangu wa miaka tisa tukaenda uwanja wa Mkwakwani kuwatazama Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu ya Tanga. Tukafungwa. Tena na timu ambayo ukitazama msimamo inapumulia mashine. Bao lenyewe la kona, mabeki wetu wawili wanatazamana kama abiria wanaosubiriana nani atoe nauli.

Kufungwa nimezoea. Kilichoniua ni njiani. Dogo katembea kimya kutoka uwanjani, tunakaribia nyumbani ndiyo akafungua mdomo: "Baba, naomba jezi ya Yanga."

Usiku sikulala. Marehemu baba alikuwa Coastal wa damu. Ubingwa wetu wa ligi wa 1988 mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimesimuliwa mpaka naweza kuapa nilikuwepo. Na Julai 2022 nilipanda kosta hadi Arusha kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Mnaikumbuka? Mshambuliaji wetu Sopu kawatia Yanga matatu peke yake. Matatu, kwenye fainali, na kombe hakupata! 3-3, penalti wakatupiga 4-1. Kurudi, kuanzia Moshi mpaka Segera hakuna aliyesema neno. Dereva alizima redio bila kuombwa.

Haukupita muda Sopu akaenda Azam. Septemba kocha wetu Mgunda naye tukamwona kwenye benchi la Simba. Sikuwalaumu, kila mtu na riziki yake. Ila ndivyo tulivyo sisi: tukipata kizuri, Dar inakuja kukichukua. Sasa wamefika mpaka chumbani kwangu?

Nimnunulie, au nimkatalie nionekane dikteta?

Mwananchi wa Ngamiani:
Hahaha! Mlete mtoto nyumbani Yanga, mgosi. Jezi namnunulia mimi, na soda juu.

Mgosi wa Makorora:
Nilijua wewe ndiye utakuwa wa kwanza.

Babu wa Chumbageni:
Kijana, 1988 mimi nilikuwepo kweli, si kwa kusimuliwa. Nikwambie jambo ambalo huenda mzee wako alilimeza: wengi tuliokuwa tukishangilia pale tulikuwa na timu nyingine ya Dar mfukoni. Mimi mwenyewe Simba. Coastal ikicheza na Simba nilikuwa naumwa tumbo tangu asubuhi. Mtu wa Tanga kuwa na timu mbili ni kawaida, kama kuwa na shamba Muheza na nyumba mjini. Mwache mtoto.

Kimanumanu Halisi:
Babu, ndiyo hayo yanayotumaliza! Mapenzi ya mfukoni. Uwanja unajaa siku ya Simba na Yanga tu, wiki inayofuata unahesabu watu kwa vidole. Mtoa mada usinunue. Na usitulilie: sisi wa African Sports, timu nyingine ya hapa hapa Tanga, Ligi Kuu tunaiangalia kwenye runinga. Nyinyi juzi tu msimu wa 2023/24 mmeshika nafasi ya nne, mkapanda ndege mpaka Angola kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mna la kumsimulia mtoto.

Mwananchi wa Ngamiani:
Angola si walipigwa tatu?

Kimanumanu Halisi:
Walipigwa wakiwa wamefika. Mimi nafika Korogwe tu.

Mama Wawili Raskazone:
Kaka, nimesoma uzi wote, nyote mnabishana habari za wazee na za 1988. Mtoto ameulizwa anataka jezi ya nini? Wa kwangu alililia mkoba wa Simba wiki nzima, kumbe alipenda zipu yake. Muulize kwanza, tena usimuulize ukiwa umenuna.

Mgosi wa Makorora:
Dada, ahsante. Sikumuuliza, nasema kweli. Nilimwambia "tutaona" nikaingia ndani. Ngoja arudi madrasa.

Mgosi wa Makorora:
Wakuu, nimerudi. Nimemuuliza.

Kumbe Jumapili haihusiki kabisa, hata bao halikumbuki. Ni kwamba jioni wakicheza chandimu wanagawana kwa jezi: wa Yanga huku, wa Simba kule. Yeye na jezi yake ya Coastal hana upande, basi kila siku wanamweka golini. Miezi miwili anadaka!

Babu wa Chumbageni:
Lahaula. Golini miezi miwili?

Mwananchi wa Ngamiani:
Hapo hata mimi sicheki. Mnunulie, mgosi.

Kimanumanu Halisi:
Anadakaje lakini? Maana sisi kipa tunamtafuta.

Mgosi wa Makorora:
Nimeenda kumchungulia leo magharibi. Kaokoa penalti mbili. Kesho naenda sokoni, jezi nitaiulizia. Ila nitaanza na bei ya glavu.