Laki na nusu kwa kaya: bima ya afya kwa wote iwe lazima au hiari?

Mkulima wa Umalila
Habari zenu wana Nyanda za Juu. Juzi kwenye mkutano wa kijiji mtendaji ametueleza habari ya bima ya afya kwa wote: 150,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Tulikotoka ni CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, ya 30,000, watu sita hao hao.

Sina ugomvi na bima. Mwaka juzi nilikata hiyo ya elfu thelathini. Mtoto wa pili akashikwa na homa usiku, asubuhi tukashuka na bodaboda hadi kituo cha afya. Kumuona daktari bure, vipimo bure, roho ikatulia. Tukafika dirisha la dawa. Dada akasoma cheti, akachukua kalamu nyekundu, akaandika O/S, yaani dawa imeisha, pembeni ya dawa tatu kati ya nne. Iliyobaki ilikuwa panadoli. Zile tatu nilizikuta duka la dawa linalotazamana na geti, 18,500.

Swali langu: ni haki kutulazimisha kabla hilo dirisha halijajaa? Kwangu 150,000 ni magunia matatu ya viazi. Tujadiliane kwa staha.

Ticha Sae
Mkuu, mimi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi na mwajiri anaweka 3 yake. Sijawahi kuitiwa mkutano wa kijiji nibembelezwe. Ninyi wakulima mkiambiwa mchangie kidogo tu ni kilio. Halafu msimu wa mavuno baa za Mbalizi hazina viti.

Mkulima wa Umalila
Mwalimu, umesoma dirisha la dawa au umesoma baa? Mimi ni mlokole, miaka kumi na moja sasa.

Bajaji ya Mafiati
Mwalimu usijisifie makato, hukuulizwa. Na Machi 2024 hospitali binafsi zilipogoma kupokea kadi zenu za NHIF, bima ya taifa, kwa ajili ya kile kitita kipya cha bei za matibabu, nilibeba abiria wa kwenu wamekunja kadi mkononi wananiuliza "sasa twende wapi?"

Ticha Sae
Ule mgomo haukuwa kosa la wanachama. Na nasema tena, kuchangia ni ustaarabu.

Mama Isyesye
Samahani jamani, narudi nyuma kidogo. Mleta mada, umesema 150,000 ni magunia matatu. Yaani gunia elfu hamsini? Viazi vya wapi hivyo? Nina genge hapa Isyesye, hiyo bei sijaiona tangu mwaka uanze.

Mkulima wa Umalila
Bei ya shambani, mama. Dalali anakuja na gari lake na kamba zake.

Mama Isyesye
Anhaa. Na gunia lenyewe ni gunia, au lile lenye kilemba, limejazwa kupita mdomo?

Mkulima wa Umalila
Kilemba lazima. Bila lumbesa dalali hapakii.

Mstaafu wa Wodini
Wanangu, kabla hamjapotelea kwenye viazi. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, naomba niseme mawili. Kwanza, ile kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa inaanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, tena kwa barua ya rufaa. Ya kanda haikuwemo. Hapa Mbeya zote mbili zipo mjini, watu wakawa wanapanda moja kwa moja ya kanda, wakirudishwa wanatukana manesi. Pili, watu wanakata bima wakishaumwa. Toto Afya Kadi ya 50,400 ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu hiyo: mzazi ana watoto wanne, anamkatia yule mgonjwa tu. Bima ya namna hiyo haisimami, hata aje nani. Hapo ndipo neno "lazima" linapotokea. Siyo ubabe.

Bajaji ya Mafiati
Mama, manesi wenyewe ndio mnaanza kutukana.

Mstaafu wa Wodini
Mwanangu, mimi nimekutukana wapi?

Bajaji ya Mafiati
Siyo wewe mama, nisamehe. Kuna mmoja alimwambia mke wangu yupo kwenye uchungu "ulipokuwa unaitafuta ulinipigia simu?" Sijasahau. Sasa niambieni, kwenye hiyo laki na nusu kuna lugha nzuri?

Kijana wa Makambako
Hahaha, lugha nzuri ni kifurushi cha juu.

Ndugu Mufindi
Hii sheria si ilipita 2022? Ile ya 340,000 kwa kaya. Ilisema ukitaka leseni ya udereva, TIN, sijui laini ya simu, sharti uonyeshe bima. Tulipiga kelele sana.

Mstaafu wa Wodini
Ile ya 2022 ilikuwa muswada, ukaondolewa kwa kelele hizo hizo. Sheria imepitishwa na Bunge Novemba 2023. Na imetaja vyanzo vingine vya fedha za kuwagharamia wasio na uwezo: ushuru wa soda, pombe, vipodozi.

Kijana wa Makambako
Kumbe kila nikikaa baa namtibia mtu! Kuanzia leo mniite daktari.

Ticha Sae
Nilisema habari ya baa nikashambuliwa.

Dada wa Tosamaganga
Mimi nina swali la kweli. Kwangu tuko nane: watoto watano, mama mkwe, mimi na baba yao. Kadi ni ya sita. Nawatoa wawili gani?

Kijana wa Makambako
Anza na baba yao.

Dada wa Tosamaganga
Huyo hata presha hana. Anayeumwa ni mama mkwe, sukari, kila mwezi kliniki. Nikimwandika yeye, mtoto wa mwisho anabaki nje. Nikimwacha, nitaishije na mume wangu? Msicheke.

Mzee Uyole
Nimesoma kimya tangu juu. Mimi nirudi kwa mleta mada. Kijana, unalia dirisha la dawa limekuibia 18,500. Dalali anakuibia kiasi gani kwa msimu? Gunia la vipimo halitakiwi kuzidi kilo 100. La kwako lenye kilemba, madebe mangapi?

Mkulima wa Umalila
Tisa. Akibana sana, kumi.

Mzee Uyole
Na bila kilemba ni sita. Kila magunia mawili umempa la tatu bure, na humwandikii O/S. Ukiuza kwa vipimo, hiyo bima unailipa hujashtuka.

Mkulima wa Umalila
Mzee wangu shikamoo. Nikikataa lumbesa, gari linaenda kwa jirani. Viazi vikishachimbwa havinisubiri.

Ndugu Mufindi
Lumbesa si imepigwa marufuku?

Bajaji ya Mafiati
Imepigwa marufuku kama O/S ilivyopigwa marufuku.

Mama Isyesye
Mnatuonea na sisi wa mjini. Mnadhani lumbesa inatunufaisha? Dalali akifika Mwanjelwa anaivunja, anatuuzia kwa debe, yale matatu ya kilemba ni faida yake. Mimi nanunua bei ile ile, na viazi vya chini ya gunia ni vidogo kama goroli.

Mzee Uyole
Vya Umalila siku zote hivyo. Viazi ni Njombe.

Mkulima wa Umalila
Mzee hapo umenigusa. Viazi vya Njombe ukikaanga vinakunywa mafuta kama sponji. Waulize wauza chipsi wa Kabwe wanachagua vipi.

Kijana wa Makambako
Kamwene wana Njombe wote mliomo humu, mmesikia hayo?

Dada wa Tosamaganga
Jamani mama mkwe wangu.

Mstaafu wa Wodini
Binti, nenda ofisi ya kata ukiwa na majina yote nane, uulize kama mkwe wako anaweza kuandikwa kwa upande wa wazee au kwenye kaya ya mtoto wake mwingine. Usimfiche, na usingoje azidiwe. Kuhusu dirisha la dawa, mleta mada yupo sahihi, nimesimama nyuma ya dirisha hilo. Dawa hailetwi na hasira ya mgonjwa, inaletwa na fedha ya kituo kununulia. Kaya zikiwa chache kwenye bima, fedha inakuwa hiyo hiyo ya panadoli.

Mkulima wa Umalila
Nimekuelewa mama. Ila mtangulie ninyi kujaza, nitafuata. Nilishatangulia mara moja.

Ticha Sae
Kila mtu akisema atangulie mwenzake?

Mkulima wa Umalila
Mwalimu, wewe endelea kuhesabu viti vya Mbalizi. Mzee Uyole, hayo ya viazi vya Njombe sijayamaliza.

Mama Isyesye
Malizeni huko. Mkulima, nahitaji magunia mawili Ijumaa, ya vipimo, madebe sita sita, bila kilemba. Nauli ya bodaboda hadi stendi nalipa mimi. Bei njoo tuongee pembeni.

Mkulima wa Umalila
Nakuja mama. Hamsini na tano, vya kukaanga.