Hivi CBM3a inashikaje selulosi wakati haina hata mfuko?

mwanabaio_dom: Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Nasoma kuhusu Clostridium thermocellum, wale bakteria wanaokula majani kwenye joto la nyuzi 60 hivi bila oksijeni, wana protini kubwa inaitwa CipA na ndani yake kuna kipande kinaitwa CBM3a (CBM ni kifupi cha carbohydrate-binding module, yaani kipande cha protini cha kushika sukari) ndo kinashika selulosi. Nimefungua umbo lake kwenye kompyuta nimezungusha weee sioni shimo wala mfuko, upande mmoja ni bapa tu. Darasani tunaambiwa sukari inaingia kwenye mfuko wa kimeng'enya, sasa hiki kinashikaje?

Nyuzi za Beta: Mkuu huo ubapa ndo wenyewe. CBM3a sio kimeng'enya, haikati kitu, inashika tu. Na selulosi inayokutana nayo ni minyororo ya glukosi iliyolaliana na kubanana mpaka ikawa fuwele, huwezi kuingiza fuwele mfukoni, unailalia kama mkeka. Hebu rudi kwenye umbo lako utafute hizi asidi amino (namba ni nafasi yake kwenye mnyororo wa protini): triptofani 118, tairosini 67 na histidini 57, halafu aspateti 56 na ajinini 112 ambazo zimevutana zenyewe kwa chaji. Utaona zote zimejipanga mstari mmoja upande ule bapa. Pete zao ndo zinalala juu ya pete za glukosi.

mwanabaio_dom: Nimeziona mkuu, mstari kabisa! Ila triptofani si inakimbia maji, na glukosi imejaa OH zinazopenda maji, zinapatanaje hawa?

Nyuzi za Beta: Swali zuri sana hilo. OH za glukosi zimetokeza pembeni mwa pete. Juu na chini ya pete kuna haidrojeni zilizoshikwa na kaboni, hapo maji hayana cha kushika, na hapo ndo triptofani inapokaa. Ushahidi upo, CBM2a, CBM nyingine ya bakteria Cellulomonas fimi, ina triptofani 3 kwenye uso wake bapa, watu wakaziondoa wakaweka alanini, asidi amino ndogo isiyo na pete, ushikaji ukashuka.

mama_enzaimu: Naongezea kidogo wadau. Sio CBM zote ziko bapa, kuna zenye mfereji, mfano zile za CenC, kimeng'enya cha huyohuyo C. fimi, hizo zinashika mnyororo mmoja mmoja kwenye selulosi iliyolegea, kwenye fuwele hazikamati. Na wewe mwanabaio usije ukachanganya CBM3a na kohesini kwenye mtihani, maana CipA ina kohesini 9 na zenyewe pia, kama CBM3a, ni nyuzi 9 za beta (vipande vya mnyororo wa protini vilivyonyooka) zilizokunjwa tabaka mbili, ukitazama harakaharaka unaona ni kitu kimoja. Kohesini hazigusi selulosi, zinashika dokerini, yaani ule mkia wa vimeng'enya, kwahiyo CBM3a moja inapolalia jani inakuwa imebeba vimeng'enya 9 vyote mpaka pale pa kukata.

mwanabaio_dom: Aisee asanteni sana, sasa nafungua hiyo ya CenC nilinganishe.