Laini ikiibwa na pesa ikaondoka, nani abebe hasara: mwenye simu au kampuni?

Mchuuzi wa Mwaloni

Mwadila wakuu. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe, ila nataka tujadili.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye meli natoka Nansio, simu ikapoteza mtandao. Katikati ya ziwa hilo si jambo la kushtua, nikaiweka mfukoni nikasinzia. Kushuka Mwanza, kila abiria anaongea na simu, yangu kimya. Nikazima nikawasha, nikatoa laini nikaifuta kwenye shati. Wapi. Jumapili nikashinda sokoni nikijipa moyo. Jumatatu dukani kwao binti akanitazama kwa huruma: laini yako ilirudishwa kwenye kadi nyingine Jumamosi saa kumi jioni. Salio shilingi 1,240. Ilikuwamo milioni moja na laki nane, mtaji wa watu wawili, na juu yake wamenikopea laki moja na nusu ambayo nadaiwa mimi.

Jibu la kampuni ni mstari mmoja: kutunza namba ya siri ni jukumu la mteja. RB ya polisi, ile namba ya taarifa ya wizi, ninayo, na ndiyo yote niliyonayo.

Hoja yangu: sikumtajia mtu namba ya siri, wala sikuingia kwenye zile meseji za "tuma kwa namba hii". Laini walimpa mtu mwingine wao wenyewe. Walipe.

Wakala Igoma

Pole sana kaka. Ila tusidanganyane. Niko kwenye kibanda mwaka wa saba huu. Nimeshamwona baba mzima analia kaibiwa, kumbe mtoto wake wa kidato cha tatu ndiye aliyekuja kutoa, kwangu mimi, jana yake. Ikiwa kila anayesema kaibiwa analipwa, kesho mwalo mzima umeibiwa. Na pesa ya kuwalipa itatoka wapi kama si kwenye makato yetu?

Halafu nikuulize: namba yako ya siri ilikuwa ya aina gani? Usiitaje, sema aina tu.

Kaunta Tatu

Mimi niko upande wa mchuuzi. Nafanya kazi benki hapa mjini, sitasema ipi.

Kwenye kadi za benki swali hili wenzetu walishalijibu zamani. Marekani tangu miaka ya 1970 sheria inasema kadi ya mkopo ikitumika bila idhini, mwenyewe habebi zaidi ya dola 50. Kadi ya akaunti ya kawaida ni dola 50 ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue. Ukichelewa inaweza kufika 500. Uingereza wamekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, hata uliyelaghaiwa ukatuma pesa kwa mkono wako unarudishiwa, mpaka pauni 85,000, na benki iliyotuma na iliyopokea zinagawana hasara nusu kwa nusu.

Hawakufanya hivyo kwa upole. Anayeumia ndiye anayetafuta dawa. Oktoba 2015 kampuni za kadi Marekani zilisema hasara ya kadi ya kughushi dukani ibebwe na upande ambao haujaweka chipu. Maduka yaliyokuwa yanasuasua yakaanza kununua mashine mpya. Sasa hapa kwetu hasara ikimwangukia muuza dagaa, kampuni ina haraka gani?

Wakala Igoma

Umeacha kipande, dada. Huko Uingereza aliyezembea kupita kiasi anaweza kunyimwa. Nani atapima uzembe hapa Mwanza? Na mchuuzi hajanijibu.

Binti wa Ukara

Huo uzembe niulizeni mimi. Mama yangu hajui kusoma. Nikimtumia hela anakwenda kwa wakala, anamkabidhi simu, anamtajia namba ya siri kwa sauti na foleni nzima inasikia. Nilimkanya. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyo kijana ataitoaje?" Nikakosa la kusema, na mpaka leo sina. Kampuni inajua ina wateja kama mama, makato yao inakata kama ya wengine, halafu siku ya kuibiwa inawasomea masharti yaliyoandikwa.

Mchuuzi wa Mwaloni

Wakala umenibana. Ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa. Haya, nichekeni.

Jirani wa Buzuruga

Sikucheki. Toa kitambulisho chako cha taifa, cha NIDA, usome namba. Tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Maana yake namba yako ya siri ni zile nne za mwanzo za NIDA, na umeigawa mwenyewe kwa kila aliyekuomba nakala.

Hesabu sasa ni wangapi: gesti, kikundi cha kukopeshana, aliyekupa pikipiki ya mkataba, duka la fotokopi ambako nakala iliyotoka vibaya inatupwa kwenye boksi chini ya meza. Mimi nimeshanunua karanga stendi ya Nyegezi zimefungwa kwa nakala ya kitambulisho cha mtu, picha na sahihi vikiwamo. Karanga nilikula, karatasi nikaichoma. Kwangu mimi kupiga huduma kwa wateja niliposahau namba ya siri niliulizwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Yote hayo yalikuwa kwenye karanga.

Kwa hiyo uzembe upo, sawa. Ila aliyetuzoesha kuacha namba hiyo kila mlango ni nani?

Mchuuzi wa Mwaloni

Namba ya siri nakubali, nibebeeni lawama. Lakini laini? Tulipanga foleni ya kusajili kwa alama za vidole mpaka ile siku ya mwisho, 20 Januari 2020, tukiambiwa hakuna atakayegusa laini ya mtu bila kidole chake. Jumamosi saa kumi jioni kidole changu kilikuwa katikati ya Ziwa Victoria na tiketi ya meli ninayo. Waonyeshe waliweka kidole cha nani.

Wakala Igoma

Hapo sina ubishi. Mimi nikisajili laini, mfumo unabaki na namba yangu ya uwakala, saa na dakika. Aliyerudisha yako wanamjua. Bado siungi mkono kila mtu alipwe, ila kwenye laini iliyorudishwa, kampuni ndiyo ithibitishe kwanza. Ikishindwa, ilipe.

Na kuna kamchezo ka vijana wanaosajili laini barabarani chini ya mwavuli: "kidole hakijasoma, weka tena." Unaweka mara tatu, unaondoka na laini moja, wao wanabaki na mbili za jina lako.

Kaunta Tatu

Waandikie barua uombe kumbukumbu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Nakala peleka TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za simu. Barua ibaki na muhuri wa kupokelewa. Maneno ya kaunta hayana ushahidi, nawaambia mimi ninayekaa kaunta.

Jirani wa Buzuruga

Na piga *106# sasa hivi uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako.

Mchuuzi wa Mwaloni

Nimepiga. Ziko tano. Ninazozijua ni mbili.

Wakala Igoma

Usiende kuzifuta. Piga picha kioo kwanza, uambatanishe na barua. Halafu pita kwangu Igoma, tuone hizo tatu ni za mtandao gani.