Spika ya gita ya ami inakoroma: kweli koili imekufa?

Mwana Langoni
Asalaam alaykum. Nina amplifaya ya gita ya ami, Fender Deluxe Reverb, ya valvu, spika moja ya inchi 12, om 8. Alikuwa akiipigia taarabu, kisha akaiacha sebuleni hapa Langoni, Lamu, dirisha la baharini wazi miaka sita. Nikipiga taratibu ni safi. Nikigusa waya mzito wa gita inakoroma, inakatika, kisha yarudi yenyewe. Fundi wa redio asema koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, imeungua, ninunue spika mpya. Kweli?

Fundi wa Malindi
Wa alaykum salaam. Koili ikiungua kwa kawaida haina kwenda na kurudi hivyo, ndugu yangu. Mimi nashuku waya wa spika.

Azima spika nyingine ya om 8 uiunge. Ikilia safi, amplifaya ni nzima. Lakini usiiwashe bila spika hata dakika moja! Transfoma ya spika yaweza kuungua, na hiyo ndiyo ghali.

Halafu itoe spika yako, uipime kwa mita ya umeme. Itasoma kama om 6 au 7, si 8, usishtuke. Mita ikiwa imeshika, tikisa polepole zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye koni, ile karatasi inayotetema. Namba ikirukaruka, mwizi umemkamata. Ndani yake mna uzi wa pamba: shaba hukatika, uzi ukabaki umeshika, kwa macho huoni kitu.

Usitie waya mgumu wa umeme, hautadumu. Ng'oa wa kusuka kwenye spika mbovu, urefu uleule. Mfupi huvuta koni, mrefu huipigapiga.

Wa Shela
Na ubonyeze koni kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa, pole. Ukisikia mkwaruzo kama msasa, koili yasugua kutu kwenye sumaku. Chumvi yetu hii. Yangu ilifika hapo, ikabidi ibadilishwe koni na koili Mombasa.

Mwana Langoni
Msasa hakuna, alhamdulillahi. Ni waya wa kushoto: 6.4, mara hakuna kitu. Nimeng'oa mwingine kwenye spika ya redio kaseti, nikachoma risasi haraka gundi isiyeyuke. Yalia tangu alasiri.

Ami katoka msikitini, kasimama mlangoni akasikiliza. Asema waya wa tatu wa gita umelegea.