Kutofautisha seli za tezi ya pituitari ya kondoo kwa hadubini

Mwanafunzi, Mbeya:
Habari zenu. Tulichukua tezi ya pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo inayotoa homoni) ya kondoo machinjioni hapa Mbeya, tukaikata vipande vyembamba na kuvitia rangi za hematoksilini na eosini. Katika sehemu ya mbele naona seli nyekundu, za zambarau, na nyingine zisizoshika rangi. Nitajuaje zipi hutoa homoni ya ukuaji na zipi hutoa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa?

Mwalimu, Iringa:
Kwa rangi hizo pekee hutajua, kwa kuwa aina zote mbili ni asidofili, yaani seli zinazoshika rangi nyekundu ya eosini, na wekundu wao ni uleule. Tumia kingamwili zinazonasa kila homoni, au hadubini ya elektroni, ambayo huonyesha punje zinazohifadhi prolaktini ndani ya seli zikiwa kubwa zaidi na zenye maumbo yasiyo sawa, hasa kwa jike anayenyonyesha. Za zambarau ni basofili, yaani seli zinazoshika zaidi rangi ya hematoksilini, ambazo homoni zake huchochea tezi za thairoidi na adrenali, ovari na korodani.

Mtaalamu wa mifugo, Njombe:
Sehemu ya nyuma usitafute seli za namna hiyo, kwani humo mna ncha za neva zitokazo haipothalamasi (sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi hii), zinazohifadhi homoni za oksitosini na vasopresini, pamoja na seli tegemezi ziitwazo pituisaiti. Tena iloweke tezi katika formalini (dawa ya kuzuia tishu isioze) palepale machinjioni. Ikichelewa, hata kingamwili bora hazitakusaidia sana.