Eti "betri imechoka kama mwenyewe"! Yule mhudumu wa kituo cha kuchaji magari leo kanivua nguo mbele za watu

Mzee_wa_Umeme (mwanzisha uzi)

Wakuu salamu sitoi, nina hasira. Naandika nikiwa bado ndani ya gari, kiyoyozi nimezima kuokoa chaji, jasho limeshafika kwenye soksi.

Kile kituo mnakijua, sikitaji. Kina bango KILOWATI 50 kwa herufi kubwa kuliko za mgombea ubunge. Na yule mhudumu mwenye kofia anayetafuna kijiti kutwa nzima mnamjua, hakuna mwenye gari la umeme hapa Dar ambaye hajanyanyaswa na kile kiumbe.

Iko hivi. Nina Nissan Leaf ya 2018, ile ya betri ya kilowati-saa 40, mtumba wa Japani, safi, haina hata mkwaruzo. Nimetoka Bagamoyo saa saba mchana nikapita pale nichaji nirudi zangu Kigamboni. Nimechomeka waya, skrini ya mashine ikaleta kimchoro cha betri ya kijani yenye mawimbi yanayopanda na kushuka, juu imeandikwa INACHAJI. Basi. Hakuna kingine. Nikakaa. Nikakaa tena. Wakuu mtoto aliyezaliwa wakati nachomeka ule waya angekuwa ameshasimama dede na namba ya asilimia kwenye dashibodi haisogei, na PALE WANALIPISHA KWA DAKIKA. Yaani ikichaji polepole wao ndio wanashiba.

Nikashuka, nikamuuliza kwa adabu kabisa, kijana wangu, bango linasema 50 mbona naona kama inaingia 12? Tatizo ni nini?

Hakuiangalia mashine hata kwa jicho moja. Akaangalia gari, akaniangalia mimi kuanzia ndala mpaka kwenye kipara, akatoa kijiti mdomoni ili sauti itoke vizuri, akasema:

"Mzee, betri imechoka kama mwenyewe."

Foleni nzima ikapasuka. Dereva wa bajaji ya umeme akapiga paja. Muuza maji ambaye hata baiskeli hana akacheka. Kuna dada kwenye gari la umeme la Kichina, BYD, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

KAMA MWENYEWE! Nina miaka 46 mimi! Kipara ni cha ukoo!

Halafu sikuomba mbingu. Niambie tu nini kinapunguza. Gari ndiyo imekataa? Mashine imepungukiwa? Umeme ni mdogo? Au ule waya wa pili aliochomeka yule dada ndio unaninyonya? Kimchoro cha mawimbi kinanisaidia nini, mimi mtoto wa chekechea? Na msiniambie niangalie dashibodi, dashibodi yangu ni Kijapani, kila asubuhi kuna dada mpole ananisalimia na kunieleza mambo mengi kwa heshima kubwa na sielewi hata moja, ila hata yeye na Kijapani chake hajawahi kuniambia nimechoka.

Nimeondoka na uniti 11. Uniti 11! Kwa Luku ya nyumbani hazifiki hata elfu 5, pale nimeacha hela ya mchele wa wiki. Hela ingeniuma kidogo ikapita. Lakini mbele ya foleni? Kama mwenyewe?

Nawasilisha. Anayemjua amwambie nimeandika.

---

kokoto_la_pwani

Nimewahi siti ya mbele. Anayeuza bisi apite huku.

---

Chumvi_Nyingi

Pole sana mkuu. Swali dogo tu, betri imechoka au haijachoka? 😂

---

Mzee_wa_Umeme

HAIJACHOKA. Vile visanduku 12 vya afya ya betri vyote vimo kwenye dashibodi, hakuna hata kimoja kilichozimika. Njoo uhesabu.

---

Chumvi_Nyingi

Sawa, betri tumemaliza. Na mwenyewe?

---

kokoto_la_pwani

kwikwikwikwi

---

Fundi_Tabata

Ngoja niseme kidogo maana mnacheka tu. Mashine ya spidi haijiamulii, gari ndilo linaomba. Linaiambia mashine nipe ampea kadhaa, linaomba upya kila mara kutegemea hali ya betri, na mashine inatoa kinachoombwa au chini yake. Sasa Leaf betri yake haina maji ya kuipooza wala feni, inategemea upepo wa njiani. Umetoka Bagamoyo na jua lile, betri imeshachemka, ukachomeka chaja ya spidi ambayo nayo inaongeza joto, gari likajilinda likaomba kidogo. Hizi za 40 ndizo zilileta kelele Ulaya 2018, watu wakienda safari ndefu chaji ya kwanza inaingia vizuri, ya pili inasuasua. Kwenye dashibodi kuna kipimo cha joto la betri, chenye upande mwekundu, kile hakihitaji Kijapani. Halafu ukipita asilimia 80 inapungua tena hata betri ikiwa baridi.

Ila tusimbebeshe mzee kila kitu. Mashine nazo zinapunguza zenyewe. Ikichomekwa magari mawili nyingine zinagawana, ikipata joto inajishusha, na vichujio vya feni vikijaa vumbi la barabarani ndio kabisa. Na pale nilipita mwezi uliopita, ukitia kidole kwenye kile kichujio unachota udongo wa kupandia mchicha.

Nunua kile kidude cha OBD cha bluututhi, kinachochomekwa kwenye tundu la kupimia gari, uweke programu ya LeafSpy kwenye simu. Utaona joto la betri, afya yake, na umeme unaoingia wakati huohuo. Ukienda pale unamwonyesha simu, anakosa la kusema.

---

Mzee_wa_Umeme

Fundi heshima yako. Haya uliyoandika ndiyo nilikuwa nataka kuyaona kwenye ile skrini, sentensi moja tu, "betri yako ina joto, subiri au nenda". Ningekubali, ningeenda kunywa madafu kivulini. Lakini yeye alinitajia joto? Alinitajia ampea? Alinitajia kichujio? Alisema KAMA MWENYEWE na kijiti mkononi.

---

Mama_Wawili_Mbezi

Shikamoo kaka. Mimi ndiye wa BYD.

---

kokoto_la_pwani

WEEEE

---

Mama_Wawili_Mbezi

Ni kweli nilicheka na ni kweli nilifuta machozi, nisamehe. Ila na mimi nilikuwa na yangu moyoni. Gari langu limeletwa moja kwa moja kutoka China, plagi yake GB/T, ile ya Kichina, aliyeniuzia hakusema neno, nikaja kugundua kwamba kwenye vituo vingi haiingii. Nimenunua adapta kwa bei ya friji. Siku ya kwanza na hiyo adapta nikakaa pale kutoka 80 kwenda 100 nikidhani ndio nimefaidi, muda uliotumika ni mrefu kuliko wa kutoka 20 hadi 80, na dakika zinahesabiwa. Yule mwenye kijiti alikuwa amesimama ananiangalia tu. Nilipomaliza ndio akaniambia "dada wenzio wanatokaga kwenye 80". Sasa si ungesema nikiwa kwenye 81 wewe shetani?

---

Mzee_wa_Umeme

Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaninyonya umeme! Ulichomeka tu na yangu ikalala!

---

Mama_Wawili_Mbezi

Kaka mimi nilikuta imeshalala. Ilikuwa imechoka 😂😂

---

Chumvi_Nyingi

Dada umeua.

---

Mbongo_Oslo

Wakuu huku Norway tatizo letu ni kinyume. Ikifika hasi 15 betri ikiwa baridi inakataa chaji ya spidi, unachomeka mashine kubwa inaingia kiduchu. Ila magari mengi ya sasa ukiweka ramani ya kwenda kituoni linaanza kupasha betri joto njiani na linakuandikia kabisa kwenye skrini kwamba linafanya hivyo. Tesla walianza hilo tangu 2019. Sio lazima ubishane na mhudumu, kwanza wahudumu hawapo.

---

kokoto_la_pwani

Mkuu aliyekuuliza habari za theluji nani?

---

Dereva_Mstaafu

Huyu kila uzi lazima atutajie yuko Ulaya. Juzi uzi wa bei ya maharage akaja na theluji hivihivi.

---

Mbongo_Oslo

Nimechangia mada tu jamani.

---

Dereva_Mstaafu

Mada ni mzee kachoka. Mimi gari langu la umeme ni treni ya SGR, nasinzia Pugu naamka Dodoma, sijui kilowati sijui ampea. Mnatafuta presha za bure nyie.

---

boda_la_betri

Nyie wenye magari mnalalamika mkiwa mmekaa kwenye siti. Sisi bodaboda za umeme tunabadilishiwa betri, unarudisha iliyokwisha unapewa nyingine unalipa unasepa. Unapewa betri kwenye kioo cha pikipiki inasoma vizuri, ukipakia abiria mnene mlima wa Kimara inaporomoka ghafla. Ukirudi kulalamika wanakwambia wewe ndio unakimbiza. Hiyo betri imepita mikononi mwa madereva wangapi huijui, imezeeka kiasi gani hawakuonyeshi, ila bei ya zee na ya mpya ni ileile. Mzee angalau yeye kachoka na betri yake mwenyewe, mimi nachoshwa na betri za watu.

---

Mzee_wa_Umeme

SIJACHOKA.

---

wa_Kangemi

Sasa wakubwa, salamu kutoka Nairobi. Huku Kenya Power walitoa bei ya umeme ya magari 2023, saa za kawaida bob 16 kwa uniti, usiku nane, kabla ya kodi. Mimi nachaji nikilala, chaja polepole tu, betri haipati moto. Hiyo spidi ni ya dharura. Mzee nunua chaja ya ukutani.

---

Fundi_Tabata

Ukutani nako angalia. Leaf nyingi za Japani kile kidude cha kuchajia kilicho ndani ya gari kinapokea kilowati 3 tu, chache zina 6. Ukifungiwa chaja ya 7 kwa bei ya 7 bado inaingia 3. Nimeshakutana na mteja kauziwa hivyo, kanikunjia ngumi mimi niliyemwambia ukweli.

---

Bajaji_Mbagala

Chaja ya ukutani ukuta ukiwa wako. Mimi mpangaji, nina bajaji ya umeme, Luku tunachangia vyumba sita. Mwenye nyumba kanipiga marufuku kuchaji, anasema namaliza umeme wa watu. Nikamwambia niongeze hela, akasema hapana, hiyo bajaji inaweza kulipuka. Yeye mwenyewe ana pasi, friji mbili, na pampu ya maji.

---

Mama_Wawili_Mbezi

Friji mbili na pampu halafu Luku mnachangia sawa?

---

Bajaji_Mbagala

Sawa sawia. Kila chumba elfu 10, yeye anasema chake ni chumba kimoja.

---

Dereva_Mstaafu

Weka mita yako ndogo ya kugawa, zinauzwa Kariakoo, fundi anakufungia kwenye chumba chako kila mtu anaona alichotumia. Mimi kwenye nyumba yangu nilifunga ugomvi ukaisha.

---

boda_la_betri

Kumbe wewe ni mwenye nyumba? Ndio maana unapanda SGR unasinzia.

---

Mzee_wa_Umeme

Jamani turudi kwenye mada. Mimi leo nimedhalilishwa.

---

Chumvi_Nyingi

Mzee pumzika kidogo, ipoe, halafu uchomeke tena.

---

wa_Kangemi

😂😂😂 Niuzie hiyo Leaf basi, bei ya mwisho?

---

Mzee_wa_Umeme

SIUZI

---

Bajaji_Mbagala

Mkuu Dereva, hiyo mita ndogo bei gani sasa hivi? Na akikataa nisifunge, maana nyaya zote zinaanzia chumbani kwake na funguo anayo yeye?

---

Dereva_Mstaafu

Akikataa muulize mbele ya wapangaji wote zile friji mbili zinalipiwa na nani. Muulize jioni, wote mkiwa mmerudi.

---

Mama_Wawili_Mbezi

Na upige hesabu kabla hujamuuliza. Kila kifaa kina wati zake zimeandikwa nyuma, zidisha na masaa gawa kwa elfu moja unapata uniti. Pampu ndiyo itakayokushangaza, sio friji.

---

Bajaji_Mbagala

Nimeenda kuangalia pampu. Kibandiko kimebanduliwa.